Mrejesho: nilijaribu muziki mnene kwenye bodaboda yangu, nikampitiliza bibi wa watu hadi Ndundu

Wakuu, salamu kwa mlioko kazini, mlioko vijiweni, na nyie mnaosoma huku mmeficha simu chini ya meza bosi asiwaone.

Miezi michache nyuma nilileta uzi hapa nikiuliza kama ni akili ku-upgrade muziki wa pikipiki. Nusu yenu mkasema weka, nusu mkanitukana. Leo nimerudi na majibu.

Yote haya yamenikuta mimi mwenyewe, siyo "jamaa yangu mmoja". Kama nimeongeza chumvi basi ni pale kwenye kucheza tu, maana sikuwa najiona.

Kwa asiyenijua, naendesha bodaboda Kibiti, kijiwe cha jirani na soko. Pikipiki yangu ilikuwa na vispika viwili kwenye usukani, vile vinavyolia kama nyuki kwenye kopo.

Pale kijiweni sasa hivi bila muziki huonekani. Kuna mwenzetu ana sabufa nyuma ya siti na taa za rangi. Akiwasha, kikombe cha chai cha mama ntilie kinatembea chenyewe mezani. Abiria vijana wote wanamkimbilia yeye. Mimi nabaki na wagonjwa, wajawazito na maboksi ya vifaranga.

Siwadharau abiria hao, wamenilea. Lakini kijana naye ana roho, jamani.

Nikaenda kwa fundi wangu, Nassoro, ambaye ndiye anafunga system za karibu pikipiki zote za pale mjini. Nikategemea atanichangamkia kama mteja. Badala yake akaniangalia kama daktari.

"Unataka muziki, au unataka wenzio wakuone?"

Nikamwambia vyote.

Akacheka. Alikuwa na system nzima ambayo mteja mmoja aliiacha baada ya kuuza pikipiki: ampulifaya, sabufa kwenye boksi, spika nne, taa za bluu. Akasema atanifungia nikae nayo siku tatu. Nikiipenda tutaongea, nisipoipenda nairudisha bila mkwaruzo.

Wakuu, siku mbili za kwanza sikuwa binadamu wa kawaida.

Nilikuwa naondoka kijiweni taratibu makusudi, ili watu wasikie vizuri. Watoto wa shule wakicheza barabarani. Nilipata abiria ambao miaka mitatu walikuwa wananipita kama nguzo ya umeme. Mke wangu akanitania kwamba sasa anajua nimefika Bungu wakati yeye yuko nyumbani anachambua mchele.

Nikasema moyoni, hii sirudishi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Kama saa nne asubuhi akaja bibi mmoja kutoka sokoni. Nitamwita Bi Tausi. Mwembamba, khanga mbili safi, ndoo ndogo yenye kifuniko. Ndani alikuwa na kamba wa delta, wale wakubwa, kawapanga na barafu kwa ajili ya wajukuu.

Nikamwamkia, akaitikia. Muziki ulikuwa juu tayari. Akaniinamia sikioni akasema anakokwenda.

Mimi nikasikia "Ndundu".

Nikajua nimepata safari ndefu. Ndundu ni kule darajani, unavuka Ikwiriri ndiyo unafika. Nikampandisha, akakaa upande, ndoo mapajani, mkono mmoja kanishika kiuno. Nikaona abiria ni mtu mzima, nikamwekea taarabu kumheshimu. Volume sikugusa.

Tumetembea vizuri sana. Tulipokaribia Ikwiriri nikahisi Bi Tausi ananipiga mgongoni. Pa. Pa. Pa-pa.

Wakuu, nawaapia, alikuwa anapiga ndani ya mdundo.

Nikajua bibi kanogewa. Nikaongeza sauti.

Akapiga kwa nguvu zaidi. Nikasema hawa ndio watu waliokula ujana. Nikaanza kuyumbisha mabega na mimi.

Tukaingia Ikwiriri. Watu pembeni mwa barabara wakawa wanatupungia, wengine wamesimama kabisa, mmoja anakimbia nyuma yetu. Nami nikawapungia. Nikapiga na honi. Sijawahi kupokelewa hivyo kwenye mji wowote.

Tukatoka, tukakata upepo mpaka Ndundu. Nikasimama pembeni kabla ya daraja, nikazima muziki, nikageuka kwa tabasamu.

"Bibi, tumefika."

Kimya kile kilikuwa kizito kuliko sabufa. Bi Tausi alikuwa ametoa macho, khanga ya kichwani imeangukia mabegani, sauti imekauka.

"Mwanangu," akasema polepole, "wewe ni kiziwi au ni mwizi?"

Nikashuka kwenye pikipiki.

"Nimekwambia nipeleke kwa Dundu!"

Kwa Dundu, wakuu. Ni kituo tu kabla ya kuingia Ikwiriri, kuna duka la mzee mmoja anaitwa Dundu, kila mtu anapajua, na mimi napajua. Bibi kapitilizwa kwake. Alikuwa ananipiga mgongoni nisimame. Pale Ikwiriri alikuwa anaita watu wamsaidie, na wale waliokuwa wanapunga walikuwa wananiambia mimi simama.

Nikatoa simu. Simu ambazo sikuzisikia zilikuwa kumi na moja. Nyingi zilitoka kwa Mshamu, mwenyekiti wa kijiwe chetu.

Ikaita tena nikiwa nimeishika.

"Uko wapi wewe?" Mshamu anapumua kama kakimbia. "Nimepigiwa simu kutoka Ikwiriri. Wanasema pikipiki ya taa za bluu imeteka bibi! Taa za bluu hapa mpya ni zako! Kuna watu wanatafuta usafiri wakufuate!"

Mnajua wenyewe habari ya mtu kuitwa mwizi barabarani, hakuna anayesubiri maelezo. Nilijiona kabisa nimezungukwa, na system ya watu imewaka moto.

Bi Tausi aliniona uso ulivyobadilika. Kumbe yeye na Mshamu wanafahamiana. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

"Mshamu mwanangu, ni mimi Tausi. Sijatekwa. Kijana wako masikio yamemjaa ngoma, kanipitiliza. Waambie watu wakae chini. Mpigie na mwanangu wa kwanza, usimtie presha."

Akakata. Akakaa kwenye jiwe, akajifunga khanga yake upya. Nikamnunulia maji kwa kijana aliyekuwa anauzia pale. Nikaomba radhi mpaka maneno yakaisha. Nikamwambia namrudisha kwake sasa hivi, na hela yake siitaki.

Alikuwa anaangalia ng'ambo ya mto.

"Nyamwage ni mbali kutoka hapa?" akauliza.

"Siyo mbali, bibi. Tukivuka tu ni mwendo mfupi."

"Najua siyo mbali. Nakuuliza nisikie mtu mwingine akisema."

Ndipo akanieleza. Mdogo wake wa tumbo moja, Bi Hadija, anaishi Nyamwage. Miaka sita hawajaonana. Ugomvi ulianzia kwenye harusi ya binti wa Hadija. Bi Tausi alipika pilau sufuria tatu, na mdogo wake akasema mbele ya wakwe kwamba pilau imeungua.

"Iliungua?" nikauliza. Mdomo huu nao.

Akaniangalia. "Sufuria moja. Kwa chini."

Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Miaka sita nashindwa kupanda gari kuja huku. Leo nimeletwa napiga kelele. Nikirudi nyumbani kutoka hapa nitakuwa mjinga kuliko wewe."

Akasimama na ndoo yake. "Nivushe. Na hicho kidude chako kikilia tu, naruka mtoni."

Tukavuka daraja bila muziki. Wakuu, sijui nimevuka mara ngapi pale, lakini siku ile ndiyo nilisikia upepo wa mto. Bi Tausi alikuwa anaongea njia nzima. Jinsi walivyokuwa wanasubiri kivuko zamani, yeye na Hadija, wanagombania muwa. Jinsi Hadija alivyokuwa anaogopa viboko wa mtoni, anajificha kwenye khanga ya dada yake. Kadiri tunavyokaribia akawa anaongea haraka zaidi.

Bi Hadija ana nyumba karibu na barabara, anauza mihogo ya kukaanga. Alikuwa anageuza mihogo tuliposimama. Akamwona dada yake anashuka kwenye pikipiki yenye sabufa na taa za bluu.

Kijiko kikaanguka.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu," Bi Tausi akasema. "Nimepotezwa na huyu."

Akaninyooshea kidole. Nikatoa shikamoo kwa sauti ndogo kama mtoto aliyevunja sahani.

Bi Hadija akanitazama mimi, akatazama sabufa, akamtazama dada yake na khanga ilivyopinda, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Tausi akajizuia, akajizuia, ikamshinda. Wakashikana wakiwa wanacheka, na katikati ya kicheko nikasikia kimebadilika, wanalia. Nikageuka nikajifanya nakagua cheni.

Mihogo iliungua yote. Hakuna aliyesema neno.

Nikataka kuondoka, wakakataa. Bi Hadija akachukua ile ndoo ya kamba, halafu akamkabidhi dada yake mwiko. "Pika wewe."

Ulikuwa wali wa nazi na kamba wa kukaanga. Tulipokaa kwenye mkeka, Bi Hadija akachukua tonge la kwanza. Bi Tausi hakula. Alikuwa anamwangalia mdogo wake mdomoni. Nami tonge langu likaning'inia hewani.

Hadija akatafuna taratibu sana, makusudi kabisa.

"Dada," akasema, "hata kama ungeungua ningekula na sufuria."

Simu yangu ikaita, Mshamu tena, anataka kujua tumefikia wapi. Bi Tausi akaipokea yeye. "Mshamu, acha kelele, nakula."

Baada ya chakula majirani walishajaa uani. Bi Hadija akauliza lile boksi linalia au ni pambo. Nikamwangalia Bi Tausi kuomba ruhusa. Akasema, "Hapa liache lilie. Hapa sina ninaposhuka."

Nikawasha.

Jamani, raha ya siku ile. Wakina mama wa Nyamwage walitoka na vitenge vyao mchana kweupe. Wale ndugu wawili walicheza wameshikana mikono, viuno vya kikwetu vya taratibu, vumbi linapanda. Mimi nikavutwa katikati. Hapo ndipo penye chumvi niliyowaambia. Naamini nilicheza vizuri, ila shahidi sina.

Tulicheza mpaka muziki ukaanza kukohoa, ukazima. Betri kwisha. Pikipiki haiwaki kwa batani wala kwa kiki. Ilibidi nisukumwe, na waliosukuma ni wale wale wachezaji, wanapiga vigelegele, Bi Tausi anaongoza kwa nyuma anasema "moja, mbili, tatu". Ikawaka karibu na lami.

Nilimrudisha kwake kabla ya magharibi. Mwanawe wa kwanza alikuwa amesimama pale dukani kwa Dundu, mikono kiunoni, na vijana kama sita. Bi Tausi akashuka, akamwambia, "Msalimie aliyenipeleka kwa mama yako mdogo." Yule bwana akanipa mkono. Mpaka leo sijui alikuwa amepanga kunipa nini kabla ya hapo.

Kesho yake nikarudisha system kwa Fundi Nassoro. Nikamsimulia, akacheka mpaka akaweka chini pasi ya kuchomea waya. Akaniuliza, "Kwa hiyo unabaki na nyuki zako?"

Nikamwambia hapana. Nataka spika mbili nzuri, sauti safi, bila sabufa, betri isiteseke. Na kitufe cha sauti asikiweke kwenye usukani. Akiweke nyuma, kwenye chuma cha abiria.

Akakuna kichwa. "Hakuna mtu amewahi kuniomba hivyo."

Akakifunga. Ukikaa nyuma kwangu, muziki ni wako. Unaongeza, unapunguza, unazima. Mimi mbele naendesha tu.

Wakuu, kile kitufe kimeniletea wateja kuliko taa zozote za bluu. Mwalimu mmoja huzima kabisa, ananisimulia wanafunzi wake. Kuna dada wa zahanati hupunguza mpaka inakuwa kama mtu anaimba nyumba ya tatu. Vijana wanapandisha mpaka mwisho, lakini mwisho wake niliuweka na fundi, na mtu akisema "shusha hapa" namsikia.

Na Bi Hadija huja kwa dada yake Ijumaa moja moja. Ninayemleta ni mimi.

Nilichojifunza: muziki mnene siyo dhambi, pale uani ulifanya kazi ambayo mashehe na wazee wa ukoo iliwashinda miaka sita. Ila ukiwa barabarani umebeba roho ya mtu, masikio yako ni mali yake mpaka ashuke. Mimi nilipona kwa huruma ya bibi mmoja. Mwingine asingepona.

Haya, waendesha boda leteni yenu, nani kashawahi kumpitiliza mtu? Na nyie abiria mnaonung'unika kimya kimya huko nyuma, semeni leo: mkipewa kile kitufe mkononi, mtaongeza au mtazima?