Nyota ya Shemeji

Ijulikane kwa wote walio hai, na hata kwa wale wanaosahihisha madaftari, kwamba mwalimu wa fizikia aliyefundisha miaka kumi na tisa kuwa sayari ni tisa, hatimaye aliitwa chuo kikuu aonyeshwe mbingu zimefikia wapi.

Wanafunzi walimwita Mama Mche, kwa ule mche wa kioo aliouzungusha darasani kama sonara. Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili. Walimu walipewa vipimo vya mwanga wa nyota halisi, vilivyochukuliwa na darubini, watafute unapofifia kidogo tu: huenda sayari imepita mbele yake. Walifanya kazi wawili wawili, naye akapangwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye hata hiyo kazi ya ualimu alitafutiwa na Mama Mche.

"Dada, wewe chora, mimi nalinda chai," alisema shemeji. Na kweli aliilinda. Hakuna mwingine aliyeionja.

Siku ya tisa Mama Mche akaona mbonyeo mdogo kwenye grafu, wa asilimia moja. Siku nne mbele kwenye grafu hiyohiyo, tena. Baada ya nne nyingine, tena.

"Tumepata!" Alisema tumepata, jamani. Hakusema nimepata.

Mkufunzi alikuwa ameahidi kwamba atakayepata kitu, jina lake litaingia kwenye ripoti ya watafiti, na yeye ndiye atakayefundisha walimu wenzake. Mama Mche hakuwahi kutaka kitu kiasi hicho tangu aolewe, na ndoa yenyewe hakuitaka hivyo.

Jumamosi mama yake akalazwa. Shemeji akabaki na mafaili.

"Nenda, dada, mgonjwa kwanza. Nitaandika majina yetu yote mawili."

Jumatatu, siku ya kuwasilisha matokeo, ukumbi ulijaa. Mkufunzi alikuwa bado anapigana na waya za kipaza sauti, hajatazama chochote. Ukutani palimulikwa jina moja, na halikuwa la Mama Mche. Mdogo wake alikuwa safu ya mbele akipiga picha. Macho yao yalipokutana, akainamisha simu. Kumbe naye alijua. Hapo ndipo palipouma.

Kisha grafu ikatokea. Shemeji hakuchukua ule mbonyeo mdogo. Alichukua mrefu, wa nusu nzima ya mwanga, kwa kuwa ulipendeza. Ule ambao Mama Mche aliuweka kando siku ya tatu, alipoona nyota zote za jirani zimefifia saa ileile.

"Sayari kubwa kuliko zote!" shemeji alinguruma. Makofi, vigelegele.

Mkuu wa shule yao, mgeni wa siku hiyo, akasimama, tai imemkaba. "Sasa dada yetu, aliyemsaidia kijana kuchorachora, atupe neno la pongezi."

Kipaza sauti kikamfikia. Akainyoshea kidole ile grafu ukutani.

"Hilo ni wingu."