Kiwanja cha Ndege cha Kijijini Kwetu

Nikisikia harufu ya majani yaliyofyekwa, nakumbuka kiwanja kidogo cha ndege ambacho wanakijiji wetu walikifyeka wenyewe, kwa kujitolea. Siku moja shangazi alikuwa amelazwa pembeni yake, uchungu wa uzazi umemzidi. Ndege ya daktari ikawa inazunguka juu, haiwezi kutua kwa sababu ng'ombe walikuwa wamejaa kiwanjani.

Bibi alitupa fyekeo, akawakimbilia huku anapunga khanga.

"Nifuateni!"

Sisi wasichana tukamfuata tukipiga kelele mpaka ng'ombe wakatawanyika. Ndege ikatua, vumbi likatujaa vinywani.

"Shikamoo, bibi," rubani alisema.

"Marahaba. Mchukue mwanangu haraka!"

Siku chache baadaye shangazi alirudi kutoka hospitali na binti mchanga mwenye afya. Bibi akampakata.

"Wewe uliyepanda ndege kabla ya kuzaliwa, hebu niambie, kule juu kukoje?"