Chi ya Mjomba Salimu

Mpaka leo, nikisikia mtu akivuta pumzi ndefu kwa pua, kisha akaiachia taratibu kama anayepoza uji, namtazama mara mbili. Papo hapo najikuta niko kwetu milimani, jirani na Mtae, nimechuchumaa nyuma ya migomba, miguu imelowa umande, namchunguza Mjomba Salimu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amerudi kutoka kusini, alikofanya kazi ya kupasua miamba pamoja na mafundi wa Kichina. Hakuja na redio wala baiskeli. Alikuja na kusimama. Kila alfajiri baada ya swala alishuka kwenye matuta ya kabeji, akakunja magoti kidogo, akazungusha mikono mbele ya kifua kama aliyekumbatia tenga, akafumba macho, akapumua. Basi. Jua lilichomoza likamkuta palepale.

Vijana waliposikia kwamba Wachina walimfundisha kupigana, walimiminika wafundishwe kuvunja matofali. Yeye akawasimamisha kwenye matuta. Akawaeleza kwamba ngumi haitoki begani, inatoka chini ya kitovu, ambako pumzi ikishushwa na kutulizwa hugeuka nguvu, na nguvu hiyo Wachina huiita chi. "Bila hiyo mtapunga mikono tu," aliwaambia. Magoti yalipowatetemeka walirudi kwenye mpira wao.

Sisi tuliobaki tulibaki na shaka. Nguvu gani hiyo isiyoonekana, inayokaa tumboni na kulishwa alfajiri? Halafu kwenye shamba la ujamaa Mjomba alilima kidogo tu, akakaa chini. Watu walinong'ona kwamba nguvu zake anazitunza kwa kazi nyingine, ya kichawi. Mama alimpenda kaka yake, lakini ng'ombe wetu alikuwa amekauka maziwa, akanituma nichunguze. Nilimletea habari nzito: Mjomba anatoa moshi mdomoni! Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, na mimi mwenyewe nilitoa moshi uleule nyuma ya migomba. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Moshi wangu ulifika mpaka kwa Mzee Rajabu, baba yake Zaina, mchumba wa Mjomba. Siku ya ndoa ilikwisha pangwa. Zaina alikuwa msichana wa kucheka kwa sauti, na kila mtu aliona jinsi Mjomba alivyosahau kutafuna akimwona anapita.

Mzee Rajabu alikuja nyumbani asubuhi moja. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kututazama.

"Salimu mwanangu, mimi sitaki maneno mengi. Hiyo chi yako ni dawa, ni jini, au ni kitu gani?"

"Ni pumzi tu, mzee."

"Pumzi kila mtu anayo. Mbona sisi hatuamki kuitafuta? Iache, umwoe binti yangu. Ukiendelea nayo, ndoa hakuna."

Mjomba alifungua mdomo, akamtazama mama, akaufunga. Kisha akasema, "Siwezi kuiacha, mzee."

Nilimchukia. Niliona wazi kwamba ni jini ndilo lililomjibia.

Zaina alilia sana, baadaye akaolewa kule Soni, akapata watoto na kicheko chake kikarudi. Mjomba aliendelea kusimama kwenye kabeji, na waliopita njia ile walitazama chini.

Nilipokuwa muuguzi Tanga, aliletwa wodini mzee mmoja aliyekuwa mpasua miamba ujanani. Vumbi la mawe lilikuwa limemwozesha mapafu. Alipumua kwa tahadhari, akivuta polepole, akiachia polepole. Niliijua sauti ile.

Likizo ilipofika nilimwuliza Mjomba kama naye ana vumbi kifuani. Alikuwa amekonda sana. Hakukana. Mchina aliyemfundisha kupigana ndiye aliyemwambia kwamba kifua kikigoma, ashushe pumzi tumboni. Kupigana alikuwa ameacha zamani, lakini asiposimama alfajiri hakuweza kuupanda mlima wetu siku hiyo.

"Sasa kwa nini hukumwambia Mzee Rajabu kwamba unaumwa?"

"Zaina angebaki."

Kumkimbia mchawi hakumsuti mtu, lakini Zaina asingemwacha mgonjwa. Angemwuguza mpaka amzike, naye angali kijana. Mjomba alichagua tumwogope. Na sisi, tuliojiona wajanja wa kumchunguza, tulimsaidia kwa moyo wote.