Shahada Yangu na Ndoo Tatu za Maji

Siku mama yangu alipouza cherehani yake ili nipate nauli na suti ya kwenda chuoni, nilimwahidi kwamba mshahara wa kwanza wa shahada yangu ungeirudisha nyumbani. Ninaiandika ahadi hiyo kwa haya, kwa maana cherehani bado iko mikononi mwa wengine, na mimi, msomi wa sayansi ya wanyama, ninazoa mavi ya nguruwe kule Kasungami.

Niliporudi kutoka mji mkuu, Léo, na shahada yangu, Katanga ilikuwa imejitenga nao: tulikuwa na bendera mpya, stempu mpya na noti mpya, ila sikumpata mtu wa kunionyesha ng'ombe wa nchi hiyo mpya. Karani wa mifugo aliishika karatasi yangu kwa ncha za vidole viwili (hivyo ndivyo watu wanavyookota panya aliyekufa) akasema, "Muhuri ni ya Léo, monsieur. Huko ni inchi ya bengine." Nikamhutubia kuhusu elimu isiyojua mipaka; akanijibu kwa kunionyesha mlango.

Hapo ndipo aliponiita Mama Kapinga, mfanyabiashara wa Kampemba, yule yule aliyeinunua cherehani. Alitaka nguruwe wa Pasaka kutoka kwa Ba Kalenga, mfugaji wa Kasungami, ili awauzie nyama waumini wakitoka misani. Bei ilikuwa kwa kilo, na mzani wa kumbeba nguruwe hakuwa nao.

"Uko na diplome ya banyama," akaniambia. "Ukinipimia muzuri, cherehani itarudia kwa mama yako. Ukikosea, utanilipa kilo zenye zitakosa."

Nikamweleza kwamba sayansi haihitaji mzani: unamzungushia mnyama futi ya kushonea, unapima na urefu wake, unapiga hesabu, kilo zinajitokeza zenyewe.

Asubuhi ya Pasaka tukafika kwa Ba Kalenga pamoja na Mama Kapinga, mimi katika suti, mama akiwa amebeba futi yake. Mama yangu alitazama hori lililolowa, akatazama tumbo la nguruwe lililokazana kama ngoma, akaninong'oneza, akiniita Papa kama alivyoniita tangu utotoni: "Papa, ngoja ikojoe kwanza. Balimulambisha chumvi, akakunywa maji mingi."

Ba Kalenga alitabasamu. "Mama, acha musomi atumike kazi yake."

Musomi! Neno hilo lilinipanda kichwani kuliko pombe, na kwa ajili yake nikafanya uamuzi mdogo ulionimaliza. "Maman, hii ni sayansi," nikasema, nikapima, nikatangaza kilo mia moja na kumi, na Ba Kalenga akazikubali bila kubisha hata kilo moja (mfugaji asiyebisha bei angenitosha kuwa onyo), Mama Kapinga akalipa, nami nikashika kamba mwenyewe ili umma uone kwamba msomi wa kweli haidharau kazi ya mikono.

Nguruwe akakojoa kabla hatujaiacha Kasungami. Akakojoa tena kwenye kizuizi cha askari, ambao walisogeza buti zao wakicheka, na akakojoa mara mbili zaidi kabla ya Kampemba, nami nikiendelea kumweleza mama juu ya mustakabali wa ufugaji barani Afrika.

Waumini waliotusubiri walimtazama nguruwe, wakanitazama. "Hii njo kilo mia moja na kumi?" akauliza mwanakwaya mmoja. Ningeweza kunyamaza. Lakini mimi ni mtu wa ukweli, nikadai futi izungushwe upya mbele ya wote, na ilipozungushwa ikaning'inia kama mkanda wa mgonjwa. Nikapiga hesabu kwa sauti, nikatangaza mwenyewe, tena kwa fahari ya mazoea, kwamba kilo ishirini na mbili zimetoweka. Hapo hapo nguruwe akamalizia mabaki juu ya viatu vyangu.

"Ee musomi licencié!" yule mwanakwaya akapiga kelele. "Diplome inavuja!"

Mama Kapinga hakucheka. "Sasa nimejua bei ya diplome yako: ndoo tatu ya maji. Na ni mimi njo nimelipa."

Tulipomrudia Ba Kalenga kudai fedha za kilo zilizotoweka, alijibu kwa upole, "Mimi niliuzisha nguruwe. Kupima, ni yeye njo alipima." Na ni kweli. Siku hiyo shahada yangu ilizaa faida, ila iliingia mfukoni mwa mtu asiyewahi kukalia dawati.

Mama yangu aliifuta futi kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, akaikunja. "Papa," akasema, "nilikuambia ikojoe."

Sasa ninafagia zizi la Ba Kalenga, naye ananilipa, nami ninamlipa Mama Kapinga zile kilo. Nimeapa kutompima mnyama yeyote kabla hajakojoa, hata nikiitwa profesa. Mama anashona kwa mkono. Cherehani yake, nyeusi, yenye ufa kwenye gurudumu, iko dukani kwa Mama Kapinga, na atakayetangulia kuleta fedha ndiye atakayeichukua. Ukipita pale ukaiona, tafadhali, usiinunue.