Siku Tisa za Mafuta

Kila asubuhi saa mbili simu ya ofisi inalia, na kabla mtu wa Dar hajasema neno, kuna kimya kidogo ambamo nasikia mtu anahema. Ni dada yangu. Najua ni upuuzi, mtandao wa Bukoba nao una mambo yake. Lakini ni miaka mitano sasa namsikia. Kisha sauti ya makao makuu inasema, "Kagera, za asubuhi? Mna siku ngapi?"

Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtu wa shirika la mafuta la serikali, kwenye bohari ndogo ya Bukoba, mkoani Kagera. Watu wanadhani tunauza petroli kama sheli nyingine. Hapana jamani! Mfanyabiashara anapeleka mafuta penye wateja. Sisi tunapeleka palipokauka. Meli zikishusha Dar, sehemu ya mzigo inawekwa iwe akiba ya nchi, na kila mkoa unasema umebakiwa na mafuta ya siku ngapi. Kule kuna mtu mmoja kwenye meza moja anayeamua malori yaelekee wapi. Yeye tenki langu halioni. Ana neno langu tu.

Kupima kwenyewe si ufundi. Unapanda ngazi, unafungua kifuniko, unashusha fimbo ya kupimia mpaka iguse chini, unaitoa na kusoma palipolowa. Chini kabisa ya tenki kuna mafuta ambayo pampu haiwezi kuyavuta, yamechanganyika na maji na uchafu. Hayo hayahesabiwi. Nilifundishwa hivyo wiki yangu ya kwanza kazini.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana ni ujinga wa kwetu. Nimezaliwa Buganguzi, na nyumbani kwetu mtu hasemi hana. Siku ambazo hapakuwa na cha kupika, mama aliweka majani mabichi ya migomba kwenye moto ili moshi utoke juu ya paa, majirani wajue kwetu kunapikwa. Mgeni akiingia anapewa kahawa ya kutafuna, hata kama ndiyo ya mwisho, tena kwa tabasamu. Wenzangu wa Dar wananitania mpaka leo: "Nyie Wahaya hata mkilala njaa, asubuhi mnatoka na kijiti cha meno mdomoni." Zamani nilikuwa nacheka.

Miaka mitano iliyopita mafuta yaliadimika nchi nzima. Bodaboda wa Muleba walishinda kwenye foleni na madumu yao, wanasukumana na kutukanana. Simu ikalia kama kawaida. Fimbo yangu ilikuwa imeonyesha siku nne. Lakini yule bwana wa makao makuu alianza kwa kulalamika kwamba mkoa mwingine umemlilia asubuhi yote, kwamba kila mtu anamlilia yeye, na mimi nikaona siwezi kuwa mmoja wao. Nikajumlisha yale ya chini ya tenki. Nikajumlisha na lori lililokuwa bado halijaondoka Dar. "Tisa," nikasema. "Sisi tuko vizuri."

"Safi sana," akasema. "Angalau Kagera hamna kelele."

Nilitembea kifua mbele siku nzima, Mungu anisamehe.

Lori letu likapelekwa kwa wale waliolia. Ilikuwa haki yao kabisa; hata mimi ningekuwa kwenye meza ile ningeligeuza. Siku ya tano pampu ikaanza kuvuta hewa. Nikapiga makao makuu kwa sauti ya mtu asiye na shida, nikauliza lori letu limefikia wapi. Nikajibiwa litakuja. Sikusema tumekauka. Nililishika hilo "litakuja" nikarudi kwenye kiti changu.

Kesho yake asubuhi akapiga shemeji, mume wa dada yangu mdogo, mkulima wa kahawa kule Buganguzi. Dada alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mimba ya kwanza, na muuguzi wa zahanati alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, lazima afike hospitali apasuliwe. Gari la wagonjwa lilikuwa Muleba, tenki tupu.

"Muramu," alisema, ndivyo sisi tunavyomwita shemeji, "vijana wako hapa na machela. Tumpeleke hivyo hivyo, au tusubiri gari? Wewe ndiye mtu wa mafuta."

Machela yenyewe ni kitanda cha miti na kamba. Kila kitongoji kina watu wake wa kubeba wagonjwa, wanapokezana mabegani, na wanakwenda kasi kuliko unavyodhani. Nilijua hilo. Nimewahi kubeba mimi mwenyewe.

"Msimbebe," nikasema. "Mtamtikisa bure. Mafuta yapo. Gari litajazwa sasa hivi, limfuate hapo hapo zahanati."

Yapo! Nilikuwa nimesimama mita chache kutoka kwenye tenki ninalolijua. Nilipokata simu ndipo nikapiga Dar nikapiga kelele, nikalia kabisa, na yule bwana akaniuliza kwa mshangao, "Si ulisema tisa?"

Nilipanda juu ya tenki na ndoo na kamba. Nikateka yale ya chini, nikayachuja kwa shati langu mara tatu, nikajaza dumu moja, nikalitupa kwenye pikapu ya ofisi. Nilifika Muleba saa saba kasoro. Dereva wa gari la wagonjwa alimimina, gari likakohoa, likawaka, tukafuatana naye mpaka Buganguzi. Nilipoona wanawake wamekaa nje ya zahanati, mikono kichwani, sikuzima hata injini. Alikuwa amekufa, na mtoto tumboni.

Kwenye mazishi, mchungaji alipomaliza, shemeji alisimama akanishukuru mbele ya watu. Alisema muramu wake alileta mafuta kwa mikono yake, bado ananuka dizeli. Watu wakaitikia kwa huruma. Nilitamani ardhi ipasuke. Kazini niliandika barua nikaeleza kila kitu, nikapewa onyo, yakaisha. Nyumbani sikusema. Siku hizi nikipanda ngazi kupima nafungua kifuniko nikiwa nimefumba macho. Harufu ile ikinipiga usoni, namwona amelala akisubiri gari nililomwahidi. Naogopa, nasema kweli. Mtu mzima mwenye mvi anaogopa tenki.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Alikuwa anamenya ndizi, nikakaa karibu naye nikachukua kisu kingine. Tulimenya mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mama, siku ile niliposema mafuta yapo, hayakuwepo."

"Najua," akasema. Hakuacha kumenya. "Na yeye alijua."

"Nani?"

"Dada yako. Ulipozungumza na mumewe tulikuwa tumeshaondoka zahanati, ila hakukwambia. Tulikuwa tumeshavuka mto, mimi nikitembea ubavuni mwa machela. Mumewe akawaambia vijana wageuke. Dada yako akanishika mkono, akasema, 'Mama, waambie twende tu. Kaka huwa anasema yapo hata kama hayapo.'"

Niliweka kisu chini. Nikamwuliza, "Na wewe ukasemaje?"

Mama alitafuta ndizi nyingine kwenye mkungu, akaipata, akaishika bila kuimenya.

"Nikamwambia anyamaze," akasema. "Nikamwambia kaka yako ni mtu wa serikali."