Faili ya Tano ya Resiato

Soipan alikuwa mshonaji wa sare za shule mjini Kitengela, lakini Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi alifunga kibanda chake na kwenda ukumbi wa kanisa. Siku hiyo watu wa chuo kikuu walikuja kutoka Nairobi kuwapima watoto wenye usonji na wale waliochelewa kukua, na yeye ndiye aliyewatafsiria akina mama waliojua Kimaasai peke yake.

Mwaka wa 2001 Naeku alimleta binti yake Resiato kutoka upande wa Isinya. Mtoto alikuwa na miaka mitano na hajatamka neno. Alipoingia aliketi sakafuni akaanza kupanga viatu vya watu mstari mmoja, na mtu alipochukua kiatu chake, Resiato alipiga mayowe hadi ukumbi mzima ukanyamaza. Mwanafunzi mmoja kijana, Elphas, akamfungulia faili na kuanza maswali.

"Ukiongea naye, anakutazama machoni?"

Soipan akatafsiri. Naeku akashangaa. "Mtoto wa nani anamkodolea mkubwa macho? Wetu wanainamisha kichwa waguswe na mkubwa, ndiyo salamu yetu."

Soipan akaeleza yote hayo. Elphas akasikiliza, akakuna kichwa, akaandika maelezo pembeni. Huyo angalau aliandika.

Muhula uliofuata Elphas hakuonekana. Alikuja mwanafunzi mwingine na faili mpya na maswali yale yale. Kisha wa tatu. Kisha wa nne, aliyeuliza kama Resiato hutumia uma anapokula. Kila mara Naeku aliuliza, "Na masomo yake yanaanza lini?" na kila mara alijibiwa, "Tutawasiliana." Mwanzoni Soipan alijitahidi kulitafsiri hilo vizuri. Baadaye alisema tu, "Wanasema ungoje," huku akiona aibu kana kwamba ni yeye anayemzungusha.

Mwaka wa 2004 ikafunguliwa faili ya tano. Soipan akamgeukia Daktari Kiragu, msimamizi wa wanafunzi hao.

"Daktari, zile za zamani ziko wapi?"

"Ziko chuoni. Hawa ni wanafunzi wapya, lazima wajifunze kupima."

"Na mtoto atajifunza lini?"

"Dada, kazi yako hapa ni kutafsiri."

"Basi leo sitafsiri."

Naeku akauliza kumesemwa nini. Alipoambiwa, alimshika mwanawe mkono, wakatoka. Mwezi uliofuata kulikuwa na mtafsiri mwingine.

Soipan alienda chuoni mara tatu kutafuta zile faili za zamani. Mara ya kwanza alikuta ofisi imefungwa. Mara ya pili aliambiwa alete barua ya mzazi, na Naeku akaitia alama ya kidole gumba. Mara ya tatu karani mmoja, Bi Wanjala, alipekua kabati nzima akampa nakala ya ukurasa mmoja. Ulikuwa mwandiko wa Elphas, wa Oktoba 2001: mtoto aanze mara moja kufundishwa kuomba vitu kwa picha, mara mbili kwa wiki, na mama aonyeshwe namna ya kuendelea nyumbani. Mahali pa sahihi ya msimamizi palikuwa patupu.

Soipan alienda hadi nyumbani kwa Naeku akamsomea ukurasa huo, polepole, kwa Kimaasai.

"Kwa hivyo walijua," Naeku akasema.

"Walijua, Mama Resiato."

"Tangu akiwa na miaka mitano."

"Ndiyo."

Naeku hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hiyo ya picha inafanywaje?"

Soipan alijua nusu tu, yale aliyoyadaka akitafsiri. Walikata picha za maziwa na kikombe kutoka kalenda kuukuu, wakazibandika kwenye vipande vya katoni. Resiato alizitafuna. Wakakata nyingine, akazitafuna pia. Ilikuwa wiki ya saba alipomsukumia mama yake picha ya kikombe kifuani, akamiminiwa maziwa, akanywa yote.

Naeku alikuja Kitengela siku hiyo hiyo kumpa Soipan habari, akicheka na kulia. Soipan alicheka naye, lakini alipobaki peke yake furaha haikukaa.

"Wiki saba," akawaza. "Na wao walitungojesha miaka mitatu."