Nilipokuwa Natibu Televisheni

Tata, baba yangu, alipoteza jicho lake la kulia wakati mimi natibu televisheni. Nalisema mapema ili msomaji asicheke sana halafu akajuta. Kucheka kulikuwepo, tena aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Mimi ni mtu wa ndani. Nashona sare za shule barazani kwangu, mtaani Kashai, na nikichoka naingia sebuleni kupumzika, safari ya hatua sita. Mke wangu husema nikifa hawatahangaika na jeneza, watafunga mlango tu na kuondoka. Kwa mtu kama mimi televisheni si pambo. Watu wengine wana vijiwe, wana timu, wana safari za Mwanza. Mimi nina skrini.

Kidoa cha kwanza nilidhani ni nzi. Nikakipiga kwa kipande cha kitambaa, hakikuruka. Kilikuwa cheusi, kidogo kuliko punje ya ulezi, juu kushoto, pale wanapoandika magoli. Wiki iliyofuata vikawa vitatu. Vilipofika vitano nikavaa viatu, jambo ambalo mke wangu aliwatangazia majirani, nikaenda kwa fundi.

"Hizo ni pikseli, vile vinukta vya picha, zimekufa," fundi akasema.

"Zimekufa kwa sababu gani?"

"Kwani watu wanakufa kwa sababu gani, mzee? Zimekufa tu."

Akanieleza kwamba kubadilisha kioo ni sawa na kununua TV nyingine. Ila huenda baadhi zimezimia, hazijafa kabisa. Akanipa flashi yenye video ya rangi zinazobadilika haraka haraka, nyekundu, kijani, bluu, nyekundu tena, niiache ichezwe nusu siku. Halafu nisugue pale penye vidoa, taratibu, kwa kitambaa laini. Vitambaa ndiyo kazi yangu. Nilirudi nyumbani nikijiona daktari.

Siku hizohizo Tata akaja kutoka kijijini Kishanda. Alikuwa akikaa peke yake tangu Mama atutoke, na miguu ilikuwa ikimfa ganzi, tukamwomba aje apumzike kwetu. Tata ni mtu wa kibanja, shamba lake la migomba. Ukimpa kiti anatafuta kwanza kama kuna magugu chini yake. Sebuleni kwangu hakukuwa na cha kupalilia, akatulia kwenye kiti changu, mbele ya TV, akatazama kile kilichokuwepo. Kilichokuwepo ni zile rangi.

"Mwanangu, hiki ni kipindi gani?"

"Ni dawa, Tata."

"Ya nini?"

"Ya TV."

Akatikisa kichwa kwa adabu, akaendelea kutazama. Alikuwa mgeni, na mgeni hasemi kwamba mambo ya nyumba aliyofikia ni ya kijinga. Alikaa nusu siku nzima, nyekundu, kijani, bluu, mikono juu ya magoti kama yuko kanisani.

Nilipochomoa flashi, vidoa vilikuwa vitano vilevile.

"Vimeongezeka," Tata akasema.

"Vimekuwa vingapi?"

"Hao wadogo sijawahesabu. Lakini kuna mmoja mkubwa, anatembea. Anashuka kama buibui."

"Ana miguu mingapi, Tata?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mke wangu kwamba mzee hajazoea TV, anaona vya kwake. Tangu siku hiyo ukawa ndio utani wetu. Asubuhi nikimsalimia namuuliza buibui kaamkaje, naye anajibu bila kusita, "Leo yuko chini, amechoka." Jumapili tukitazama misa anasema, "Sasa amempanda padri begani." Alikuwa akicheka pamoja nami. Kile kicheko sikisahau, kwa sababu sasa najua alikuwa ananisaidia nisione aibu kuwa na TV mbovu.

Mke wangu ndiye aliyeanza kusema. "Baba anakunywa maji mno. Na jana ameweka kikombe pembeni ya meza, kikaanguka."

"Meza yenyewe ndogo," nikamjibu. Nilikuwa nimepiga magoti, nasugua skrini.

Hivyo ikaenda miezi miwili. Vidoa vikafika tisa, maana kusugua kwangu kuliua hata pikseli zilizokuwa hai. Kila Tata alipolalamika, mimi nilisikia shahidi. Nilirudi kwa fundi nikamwambia, "Si mimi peke yangu. Hata mzee wangu anaviona, tena anaona vingi kuliko mimi."

"Basi mzee wako ana macho makali," fundi akasema. Nikaifikisha sifa hiyo nyumbani. Tata akafurahi.

Siku moja umeme ukakatika, saa sita mchana, jua kali nje. TV ikazimika. Nikamtania kama kawaida, "Tata, leo buibui kapata likizo."

"Hapana. Yuko pale ukutani, juu ya kalenda. Sasa amekuwa kama moshi."

Nikatazama ukuta. Tuliupaka chokaa kabla ya Pasaka, ulikuwa mweupe, hauna kitu. Nikasogea, nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja changu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, labda mkono ulielewa kabla yangu.

Tata akauliza, "Mbona umefunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi.

Hospitalini daktari alisema ni sukari, na kwamba imekaa mwilini miaka bila mtu kujua. Damu ilivuja nyuma ya jicho, ndio ule weusi unaotembea, halafu pazia la nyuma ya jicho likaachia. La kulia limekwisha. La kushoto limeshaanza, watalitunza kadiri litakavyokubali.

"Vidoa alianza kuviona lini?"

"Miezi miwili," nikasema.

"Na hakumwambia mtu?"

Tata ndiye aliyejibu. "Nilisema, daktari. Lakini TV ya huyu ni mbovu."

Habari ya sukari Tata aliikubali, akaacha kuweka vijiko vinne kwenye chai. Lakini chanzo alikuwa nacho chake. Kwake yeye, zile rangi ndizo zilizomuunguza jicho. Aliwaambia majirani, akawaambia wa jumuiya ya kanisa, na mimi nikamwacha. Mke wangu alinitazama mara moja tu, akaendelea kuchambua mchele. Niseme ukweli, nilipata nafuu. Televisheni haina mdomo wa kujitetea. Nikaipeleka kwa fundi aitoe vipuri. Kwamba Tata alikuwa akinieleza ugonjwa wake kila asubuhi nami nikauita buibui, hilo sijamwambia Tata mwenyewe mpaka leo.

Baadaye akataka kwenda kwake, nikampeleka. Kibanja kilikuwa kimechafuka, majani makavu yananing'inia kwenye migomba yote. Tata akasimama mlangoni pa shamba lake, akanyoosha mkono.

"Nipe panga."

Nililishika nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba.

"Nitakata mimi, Tata."

"Wewe? Wewe unajua sindano."

Lakini mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka wenyewe. Jirani akatokea njiani kumpa pole. Wakasalimiana sana kwa Kihaya, halafu Tata akanielekezea kidole, akakosea kidogo, akauelekezea mgomba.

"Huyu alikuwa na TV inayoharibu macho. Alipoona imeniumiza, hakuirudisha tena ndani. Ameitoa kwa ajili yangu. Watoto wangapi siku hizi wangefanya hivyo?"

"Mungu amzidishie, waitu," jirani akasema kwa heshima ya Kihaya.

Nikaitika asante. Nikaanza kukata majani, vibaya, yakinichania mikono. Nyuma yangu Tata aligeuza uso huku na huku, akinitafuta kwa jicho lililobaki, nami nikasogea nyuma ya mgomba.